Mwanao Anaingia Uwanjani Mara ya Kwanza: Mzazi Ujiandae Hivi

Mzazi anayekwenda kumtazama mwanawe akicheza mechi ya kwanza huwa amemwandaa mtoto vizuri, akajisahau mwenyewe. Jezi imefuliwa, viatu vimesuguliwa, kucha zimekatwa. Kisha timu inaingia, mama koo linamkaba, baba anajikuta ameshavuka mstari wa chokaa akipiga kelele "Piga! Piga!", na mtoto anamtazama baba badala ya mpira. Fahari ile ni haki ya mzazi, na hakuna sababu ya kuionea haya. Ila inataka utaratibu, kwa sababu mtoto wa miaka 9 au 11 aliye katikati ya uwanja hawezi kubeba hofu yake na shauku ya mzazi kwa wakati mmoja.

Maelezo haya yanahusu zaidi mechi za shule za msingi, mabonanza ya mtaani na UMITASHUMTA, mashindano yanayoanzia shuleni yakapanda ngazi kwa ngazi hadi taifa. Watoto wa huku kusini, Mtwara na Lindi, hawajaona michezo kwenye televisheni tu. Timu ya Ndanda ilicheza Ligi Kuu pale uwanja wa Nangwanda Sijaona, timu ya Namungo ya Ruangwa ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21, na Mtwara imepokea mashindano ya shule ya kitaifa mwaka 2019 na tena 2021. Mtoto akisema "nataka kucheza", anajua anachokisema.

Kabla ya siku yenyewe

Siku tatu au nne kabla, mtafute mwalimu wa michezo, msalimie, muulize mambo manne. Anacheza mchezo gani na nafasi gani? Wanatakiwa kufika saa ngapi, na mechi inaanza saa ngapi? Wanacheza na viatu au peku? Na je, ameanza kikosini au ni wa akiba?

Hilo la mwisho wazazi wengi hawaliulizi, na ndilo linaloharibu siku. Mzazi amewaita shangazi na majirani waje wamwone mtoto, mtoto kakaa benchi mpaka kipenga cha mwisho, mzazi ananuna mbele ya watu, na mtoto anajiona ameiaibisha nyumba nzima. Ukijua mapema kwamba ni wa akiba, unakwenda na macho mengine: unamwona akipasha misuli, akimpelekea mwenzake maji, akisimama kila mpira unapokaribia goli. Hayo nayo ni mambo ya kumpongeza, na usiku mtayazungumza.

Viatu vina shida zake. Huku kwetu pesa hupatikana kuanzia Oktoba, minada ya korosho ikifunguliwa, na mashindano ya shule kwa kawaida huja katikati ya mwaka. Mzazi hununua njumu Novemba, akachukua kubwa mno "ili akue nazo". Njumu iliyozidi inamfanya ajikwae na kidole gumba kigonge mbele mpaka ukucha uwe mweusi. Kiasi kinachofaa ni upana wa kidole gumba chako kati ya ncha ya kidole chake kirefu na ncha ya kiatu, akiwa amesimama na amevaa soksi atakazochezea. Mpimie jioni, maana miguu huvimba kidogo mchana kutwa. Kama ni za mtumba, zikunje kwa mikono miwili: soli ikiachia gundi pembeni, itaachia kabisa kwenye kipindi cha kwanza. Na asivae kiatu kipya kwa mara ya kwanza siku ya mechi. Avae nyumbani na mazoezini walau wiki moja, la sivyo malengelenge ya kisigino yatamtoa uwanjani kabla ya mpinzani kumtoa.

Timu nzima ikicheza peku, mwanao naye acheze peku. Hatari kubwa ni ule mchanganyiko wa nusu wana njumu na nusu hawana, kwa sababu meno ya njumu kwenye mguu mtupu yanachana. Viwanja vyetu vya mchanga vina mbigili na vipande vya mawe ya matumbawe, kwa hiyo kama ni peku, fika mapema upite uwanjani pamoja na wazazi wenzako mkiokota. Dakika 15 zinatosha.

Mtoto wa kike anayevaa hijabu anaruhusiwa kucheza nayo. Sheria za mpira wa miguu zinakubali kifuniko cha kichwa tangu 2014, kwa masharti ya kueleweka: kibane kichwa, kisishonwe wala kufungwa kwenye jezi, na kisiwe na kitu cha kudhuru. Maana yake pini hazitakiwi. Mshonee au mnunulie ile ya kuvuta inayoingia kichwani kama soksi, na ndani ya sketi au bukta avae taitsi. Hereni, bangili, cheni na shanga zinabaki nyumbani. Kwenye netiboli mwamuzi hukagua mpaka kucha, na mwenye kucha ndefu hazuiliwi kwa ukorofi, anazuiliwa kwa sababu zinachana macho na mikono ya wenzake.

Chakula kisikusumbue sana. Mechi ikiwa saa 10 jioni, ale mlo wake wa kawaida kati ya saa 6 na saa 7 mchana, wali au ugali na samaki, bila mafuta mengi, kisha ndizi moja mbivu saa 9. Mechi ya saa 2 asubuhi, saa 12 anywe chai na vipande vya muhogo wa kuchemsha. Maji ndiyo yanayosahaulika. Beba lita moja na nusu ya mtoto peke yake, anywe nusu kikombe kila baada ya dakika 20 hivi. Akinywa chupa nzima kwa mkupuo wakati wa mapumziko, tumbo litamsokota.

Ujue anachokicheza

Mzazi asiyejua mchezo hushangilia makosa na kunyamaza penye jambo zuri. Netiboli ndiyo inayoonewa zaidi, maana watu wengi huitazama kwa macho ya mpira wa miguu. Mtoto anadaka, baba anapiga kelele "Kimbia nao!". Kwenye netiboli mwenye mpira hakimbii. Akishadaka na kutua, mguu aliotua nao, akiuinua, haurudi chini akiwa bado ameshika mpira. Anaweza kuzunguka juu ya mguu huo, na ana sekunde 3 tu za kuutoa mpira. Anayemkaba asimame sentimita 90 kutoka mguuni pake. Mpira haurushwi kuvuka theluthi nzima ya uwanja bila kuguswa. Na katika wachezaji saba, wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu, wenye herufi GS (mfungaji) na GA (mshambuliaji) kifuani. Kwa hiyo ukiona mwanao amevaa GK (mlinda goli), WD (mlinzi wa pembeni) au C (wa katikati), usimwambie "mbona hufungi?". Hatakiwi kufunga.

Sasa ukishajua hivyo, macho yako yanapata kazi. Tazama miguu yake anapodaka: je, ametua akatulia, au ameburuza hatua ya pili na mwamuzi kapuliza? Tazama zile sekunde 3: anainua kichwa kumtafuta mwenzake, au anaurusha popote kwa hofu? Mtoto wa mechi ya kwanza huurusha haraka mno. Ukimwona mara moja anatulia, anatazama, ndipo anatoa, hapo umeona jambo lenye uzito kuliko goli, hata kama hakuna mwingine aliyeliona uwanjani kote.

Kwenye mpira wa miguu watoto wa chini ya miaka 10 hukimbilia mpira wote kwa pamoja, kama nyuki. Usishangae wala usimlaumu. Fumba jicho kwa mpira, mtazame yeye akiwa hana mpira: anarudi nyuma timu ikishambuliwa? Anageuza shingo kuangalia nani yuko nyuma yake? Akipokonywa, anasimama ameshika kiuno au anafukuzia? Kufukuzia ndiko kujaribu kwenyewe, na mtoto akijua kwamba mzazi ameona anavyofukuzia, atafukuzia tena.

Riadha haina subira. Mita 100 kwa mtoto wa shule ya msingi huisha ndani ya sekunde 20 hivi, kwa hiyo amua mapema kama utatazama au utarekodi, maana yote mawili huyapati. Usisimame kwenye utepe wa kumalizia. Watu wakijazana pale, watoto hupunguza mwendo hatua tano kabla ya mstari kwa kuogopa kugonga watu, na mbio zinapotea hapo hapo. Simama pembeni, kama mita ya 60 au 70, ndipo utakapoona uso wake, na wasaidie walimu kuuacha wazi uwanja mita 10 au zaidi baada ya mstari. Mwambie mtoto alenge mti au mtu aliye ng'ambo ya mstari wa kumalizia. Kwenye kupokezana vijiti, kijiti kikianguka, aliyekiangusha ndiye anayekiokota, na mbio zinaendelea. Mfundishe hilo nyumbani kwa kijiti cha muhogo, asije akasimama kulia katikati ya njia.

Usimame wapi

Mahali bora ni karibu na mstari wa katikati, upande usio na benchi la timu, hatua tatu nyuma ya chokaa. Jioni chagua upande wa magharibi ili jua liwe mgongoni, maana huku mwezi wa sita jua huzama mnamo saa 12 jioni, na ile nusu saa ya mwisho linapiga usoni moja kwa moja.

Kuna vivuli vinavyovutia: mwembe au mkorosho nyuma ya goli. Epuka, hasa kama mwanao ni golikipa. Mzazi aliye nyuma ya nyavu anasikika kila anapovuta pumzi, na mtoto atageuka kutafuta uso wako baada ya kila bao. Mzazi wa golikipa ana mtihani mzito kuliko wote, maana makosa ya mwanawe yanaandikwa ubaoni. Kaa mbali naye kidogo, pale anapokuona akitaka na asipokuona asipotaka.

Usikae karibu na mwalimu. Mwalimu akisema "rudi" na wewe ukasema "panda", mtoto anasimama, kwa sababu wote wawili amefundishwa kuwatii.

Moyo unapojaa

Itakujia kwa namna isiyotarajiwa. Wengine hawaguswi na bao, wanaguswa na mtoto kuvuta soksi juu kabla ya kuingia, au kumshika mkono mpinzani aliyeanguka. Moyo unaenda mbio, mikono inatoka jasho. Vuta pumzi puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6, rudia mara tano. Kutoa polepole ndiko kunakotuliza mwili. Shika kitu mkononi, chupa au kanga, maana mikono mitupu ndiyo inayonyooka kuelekeza na kulaumu.

Machozi yakija, yaache. Mtoto akikuona na akashangaa, mwambie baadaye kwa maneno machache kwamba yalikuwa ya furaha. Baba nao, wanaojizuia mpaka shingo inavimba, wafahamu kwamba mtoto wa kiume aliyemwona baba yake akifuta machozi kwa furaha hapotezi heshima kwake hata kidogo.

Vigelegele vina wakati wake: timu inapoingia, bao linapopatikana, mtoto yeyote anapoinuka baada ya kuanguka, na mwisho wa mechi. Nyamaza wakati wa penalti na wakati mfungaji wa netiboli amesimama chini ya pete. Ukitaja jina, mtaje na mwenzake: "Vizuri Zuhura! Vizuri na wewe nambari 4!" Mtoto anayeitwa jina peke yake mara kwa mara huanza kuona haya, na wenzake humtania shuleni kesho yake.

Kisha kuna kutuza. Tumelelewa kwenye ngoma, na mkono wa mzazi aliyefurahi unakwenda mfukoni wenyewe. Usiingie uwanjani na noti wala kumtandikia kanga mchezo ukiendelea. Mwamuzi atasimamisha mechi, na watoto wengine wataona ni nani ana mzazi mwenye pesa. Subiri kipenga, utuze timu nzima. Machungwa 10 yaliyokatwa vipande vinne yanatosha kikosi cha watoto 16 na mwalimu wao. Usiahidi pesa kwa kila bao, kwa sababu mtoto ataacha kumpa mwenzake pasi.

Maneno ya pembeni

Utasikia "Huyo nambari 7 wa nani?". Jibu "Wa kwangu" na uishie hapo, sauti yako itasema yaliyobaki. Lakini wapo pia watakaosema, hasa kwa binti aliyekwisha kuchezwa unyago, kwamba msichana mkubwa anarukaruka nini mbele za watu. Andaa jibu kabla hujatoka nyumbani, fupi na la heshima: "Ni mwanangu, nimemruhusu, na leo nimekuja kumwona." Usibishane zaidi. Binti anasikia kilichosemwa, na anasikia kama mzazi wake amejibu au amenyamaza. Wasichana wengi huacha michezo umri huo huo, na mzazi aliyesimama pale pembeni ana nguvu kubwa kuliko viatu vipya.

Mwamuzi akikosea, na atakosea, usimtukane. Mwamuzi wa mechi za watoto mara nyingi ni mwalimu aliyejitolea au kijana anayejifunza.

Simu, kwa ufupi: ishike kwa ulalo, futa vya zamani upate nafasi tangu usiku, rekodi dakika mbili za mwanzo na vipande vifupi, kisha itie mfukoni. Bibi aliyeko Newala au Kilwa atafurahi zaidi na sauti yako ukimsimulia kuliko video ndefu ya vumbi. Video yenye watoto wa wenzako usiitupe mitandaoni bila kuwauliza wazazi wao.

Baada ya kipenga

Mwache kwanza na wenzake. Timu huwa na mambo yake ya kumaliza, na mwalimu ana neno lake. Akija mwenyewe, mpe maji, na sentensi ya kwanza iwe "Mwanangu, nimefurahi kukuona unacheza." Kisha nyamaza. Ukianza na "lakini ule mpira ungepiga kwa kushoto", hiyo "lakini" ndiyo atakayolala nayo.

Njiani kwenye bodaboda au bajaji, uchambuzi upumzike. Akitaka kuzungumza, msikilize. Akitaka kimya, mpe kimya. Jioni, akishaoga na kula, mtajie jambo moja uliloliona kwa macho yako, la kweli na dogo: "Ulipopokonywa ulirudi kukaba." Sifa ya jumla kama "wewe ni bingwa" haimsaidii, maana anajua walifungwa 4–0. Usimlinganishe na kaka yake wala na Samatta.

Akiwa amelia kwa kufungwa, usimwambie "wanaume hawalii" wala "si mchezo tu". Kwake haukuwa mchezo tu. Kaa naye mpaka apoe. Akisema hataki tena, usikubali wala kukataa siku hiyo. Subiri siku mbili tatu, umuulize tena akiwa ameshiba na amepumzika. Wengi huwa wameshaanza kuuliza mazoezi ni lini.

Akiumia

Kifundo kikiteguka, atoke, akae, mguu uinuliwe juu, uwekewe barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, na urudie kila baada ya saa mbili tatu siku ya kwanza. Kuchua kwa mafuta na maji ya moto ndiko kosa la kawaida hapa kwetu: kwa saa 48 za mwanzo kunazidisha uvimbe. Asipoweza kukanyaga hatua nne, apelekwe akapigwe picha.

Akigongwa kichwa, mechi yake imekwisha siku hiyo, hata akisisitiza kwamba yuko sawa. Akitapika, akichanganyikiwa, akiona vitu viwiliviwili au akisinzia kusiko kwa kawaida, nenda hospitali bila kungoja asubuhi, Ligula kwa walio Mtwara mjini, Sokoine kwa walio Lindi mjini. Jua likimzidi, ngozi ikawa ya moto na maneno yakapotea, mweke kivulini, mvue jezi, mmwagie maji mwili mzima, mpepee kwa kanga mkiwa mnatafuta usafiri.

Na akichaguliwa kwenda kambini na timu ya wilaya, utaletewa fomu ya ruhusa. Isome, andika namba ya simu inayopatikana muda wote na ugonjwa wowote alionao, pumu au kifafa usifiche. Mfungashie shuka, chandarua, sabuni, ndala, soksi jozi tatu na chupa yake ya maji. Simu yako mpigie mwalimu, mara moja kwa siku, baada ya chakula cha usiku.